Herrnhut: mapatano yalitangulia moto

Masomo ya kusoma nyumbani: Mathayo 5:23-24; Matendo 2:1-4



Wengi wetu tumelisikia jina la Herrnhut katika mahubiri. Mhubiri anapotaka kutuamsha tuombe, hutuambia kwamba kulikuwa na mji mdogo huko Ujerumani ambako watu waliomba kwa miaka mia moja bila kunyamaza. Tunasema amina, na mkesha unaendelea. Lakini ni wachache waliopata kuambiwa hali ya mji huo ilikuwaje miezi michache kabla ya maombi hayo kuanza. Ulikuwa karibu kuvunjika. Ndugu walikuwa hawasalimiani. Leo tuutembelee mji wenyewe, tupite katika njia zake na kati ya makaburi yake, tuone moto ule uliwakaje.

Mji chini ya kilima

Herrnhut iko mashariki ya Ujerumani, katika jimbo la Sachsen, karibu na mipaka ya Poland na Ucheki. Ni mji mdogo; sehemu yake ya zamani unaweza kuizunguka kwa miguu asubuhi moja.

Wakati mzuri wa kuufikia ni mwezi wa Oktoba. Sisi tunajua majira mawili, ya mvua na ya kiangazi. Wao wana manne, na Oktoba ni majira ya majani kupukutika. Jua linapungua nguvu, ukungu unalala mashambani asubuhi, na miti ya lindeni iliyopandwa kandokando ya njia inageuka manjano, jani baada ya jani, mpaka njia yenyewe inafunikwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo makanisa mengi ya Ujerumani hufanya ibada ya shukrani ya mavuno. Maboga, matofaa, mikate na masuke ya ngano huletwa mbele, kama sisi tunavyoleta muhogo, mahindi na kuku siku ya mavuno yetu.

Nyumba za mji ni za zamani, kuta zake safi bila mapambo mengi, mapaa yake marefu ya mteremko, madirisha yamepangwa kwa mstari. Katikati liko jumba la ibada, lililojengwa miaka ya 1756 na 1757. Anayezoea makanisa makubwa ya Ulaya, yenye dhahabu na sanamu, atashangaa akiingia humo. Ndani ni peupe: kuta nyeupe, viti vya mbao vyeupe, na meza ya kawaida kwa yule anayeongoza ibada. Hakuna mimbari ya kupanda juu. Jumba hilo liliungua mwezi wa Mei 1945, siku za mwisho za vita, pamoja na nyumba nyingi za katikati ya mji. Wenyeji walilijenga tena kwa umbo lilelile.

Mwezi wa Julai 2024 UNESCO iliuandika mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Bethlehem ya Pennsylvania huko Marekani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini. Mji ndugu wa Christiansfeld, huko Denmark, ulikuwa umekwisha kuandikwa mwaka wa 2015. Yote minne ilijengwa na watu wa kanisa moja, Wamoravian.

Mji wa wakimbizi

Nje kidogo ya mji, karibu na barabara, kuna jiwe la ukumbusho. Linaonyesha mahali ambapo mti wa kwanza ulikatwa tarehe 17 Juni 1722. Aliyeukata ni Christian David, fundi seremala kutoka Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki.

Kwa nini fundi huyo alikuwa anakata miti katika nchi ya watu? Kwa sababu kwao imani yake ilikuwa kosa. Huko Bohemia na Moravia kulikuwa na kanisa la zamani lililoitwa Umoja wa Ndugu, lililoanza mwaka wa 1457. Hiyo ni miaka 60 kabla ya Martin Luther kuanza kazi yake mwaka wa 1517. Walifuata mafundisho ya Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto kule Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Waprotestanti waliposhindwa vitani karibu na Prague mwaka wa 1620, kanisa hilo lilikatazwa. Wengine walikimbia, wengine walibaki wakisoma Biblia kwa siri, nyumba zikiwa zimefungwa.

Mwaka wa 1722 Christian David aliwaongoza watu wa jamaa ya Neisser, wafua visu, kutoka usiku na watoto wao. Waliacha nyumba, vyombo na karakana. Walivuka milima kwa miguu mpaka kwenye mashamba ya Berthelsdorf, yaliyokuwa yamenunuliwa na kijana wa ukoo wa wakubwa wa nchi, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, mwenye miaka 22 tu. Zinzendorf alikuwa akifanya kazi ya serikali huko Dresden; msimamizi wa mashamba yake ndiye aliyewaonyesha kiwanja, chini ya kilima kiitwacho Hutberg. Mahali hapo paliitwa Herrnhut, maana yake ulinzi wa Bwana.

Ndugu yangu uliyewahi kukimbia na godoro kichwani na mtoto mgongoni, watu hawa unawajua. Unajua kufika mahali pasipo na jina, kuonyeshwa kichaka na kuambiwa, jengeni hapa.

Miaka mitano ya maneno

Habari zilienea kwamba kuna mahali ambapo mtu anaweza kuabudu bila kukamatwa. Watu wakaja. Kufikia mwaka wa 1727 walikuwa karibu 300, na wakimbizi wa Moravia walikuwa sehemu yao tu. Walikuwamo Walutheri, walikuwamo Wareformati, walikuwamo watu waliokata tamaa na kila kanisa. Kila mmoja alifika na wimbo wake, desturi yake na mwalimu wake.

Kilichofuata hakitatushangaza. Walianza kubishana juu ya Meza ya Bwana na juu ya liturujia. Akatokea mtu mmoja mwenye maneno ya nguvu, Johann Sigismund Krüger, akafundisha kwamba Zinzendorf ndiye mnyama wa kitabu cha Ufunuo, na kwamba Johann Andreas Rothe, mchungaji wa Berthelsdorf, ni nabii wa uongo. Wengi wakamfuata. Hata Christian David mwenyewe, aliyekata mti wa kwanza, alivutwa kwa muda na mafundisho hayo. Mwishowe Krüger aliharibika akili, akaondoka. Lakini sumu ilibaki.

Tutazame jambo hili vizuri. Hawa hawakuwa watu wa dunia. Walikuwa wameacha mali kwa ajili ya Injili, na baadhi yao walikuwa wamefungwa gerezani. Walishinda mateso ya serikali, wakashindwa kuishi na jirani. Mateso yanaweza kumtoa mtu katika nyumba yake, lakini hayawezi peke yake kutoa kiburi moyoni mwake.

Karatasi ya tarehe 12 Mei

Zinzendorf aliomba ruhusa ya kuacha kazi ya Dresden kwa muda, akahamia Herrnhut mwaka wa 1727. Angeweza kuwafukuza, ardhi ilikuwa yake. Badala yake alikwenda nyumba kwa nyumba, akaketi nao, akawasikiliza, akasoma nao Maandiko.

Tarehe 12 Mei 1727 aliwakusanya wote. Aliwaonyesha kwamba mafarakano ni dhambi, kisha akawawekea mbele yao sheria za kuishi pamoja. Kulikuwa na mambo ya mji, kwa sababu walikuwa wanakaa katika ardhi yake na chini ya sheria za nchi. Kulikuwa pia na mapatano ya kindugu: kupendana na ndugu wa kila kanisa, kuacha ugomvi, kuonyana kwa upole. Watu walikubali na kutia sahihi. Wakachaguliwa wazee 12 wa kuangalia mambo ya jamii yao, na wengi wa wazee hao walikuwa mafundi na watu wa kawaida.

Siku hiyo hakuna aliyeanguka chini, na hakuna aliyesimulia maono. Palikuwa na karatasi, wino na watu wazima wanaoomba msamaha. Lakini tukitafuta mahali ambapo historia ya Herrnhut iligeuka, lazima tuanzie hapo.

Njia ya Berthelsdorf

Kutoka Herrnhut kwenda kijiji cha Berthelsdorf ni mwendo mfupi wa miguu. Katika Oktoba ni njia nzuri, kati ya mashamba yaliyovunwa na miti inayobadilika rangi. Siku ya Jumatano, tarehe 13 Agosti 1727, watu wa Herrnhut waliifuata njia hiyo kwenda kanisani kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Majira ya kiangazi yote walikuwa wakisoma Biblia, wakiomba na kupatanishwa wawili wawili. Siku hiyo, katika ibada, Roho Mtakatifu aliwashukia kwa namna ambayo hawakuisahau maisha yao yote. Walilia, wakakumbatiana. Watu wa makundi yaliyopingana walirudi nyumbani wakiwa kitu kimoja. Wamoravian wa dunia nzima wanaikumbuka tarehe 13 Agosti mpaka leo.

Hesabu mwenyewe: kutoka 12 Mei mpaka 13 Agosti ni miezi mitatu. Mapatano yalitangulia, moto ukafuata. Ndivyo ilivyokuwa hata Yerusalemu. Kabla ya sauti ya upepo, Luka anatueleza kwamba walikuwa pamoja mahali pamoja.

Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Agosti, wanaume 24 na wanawake 24 walianza kugawana saa za siku, mchana na usiku, ili maombi yasikatike. Wengine waliongezeka. Mara nyingi tunawaza kwamba ulikuwa mkesha mmoja mkubwa wa miaka mia moja, watu wote wakiwa katika jumba moja. Haikuwa hivyo. Kila mmoja aliomba saa yake, mahali alipokuwa, kisha akaendelea na kazi yake: mfinyanzi na udongo, seremala na mbao, mama na watoto. Utaratibu huo ulidumu zaidi ya miaka mia moja kwa sababu haukumchosha mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka wa 1728 Zinzendorf alianza kutoa neno la Maandiko kwa kila siku, nalo lilipelekwa nyumba kwa nyumba. Tangu 1731 maneno hayo yanachapishwa katika kitabu kila mwaka bila kukosa, na leo yanatoka katika lugha zaidi ya 50.

Mfinyanzi na seremala

Mwaka wa 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen, mfalme mpya wa Denmark alipovikwa taji. Huko alikutana na mtu mweusi aliyeitwa Anton, aliyetoka utumwani katika kisiwa cha St. Thomas, kwenye bahari ya Karibi. Anton alisema kwamba dada yake Anna na kaka yake Abraham bado wako huko, na kwamba wanatamani kumjua Mungu. Baadaye alifika Herrnhut mwenyewe, akawaeleza watu. Aliwaonya kwamba watumwa hufanya kazi mchana kutwa, na anayetaka kuwafundisha huenda akalazimika kuwa mtumwa kama wao.

Tarehe 21 Agosti 1732 vijana wawili waliondoka Herrnhut kabla ya mapambazuko: Leonard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Walitembea kwa miguu kuelekea Copenhagen, wakapata meli, wakafika St. Thomas tarehe 13 Desemba.

Hapa tuseme kweli, kwa maana habari hii inahubiriwa sana kwetu. Husemwa kwamba vijana hao walijiuza wenyewe kuwa watumwa. Walikuwa tayari kwa hilo kama ingekuwa njia pekee, na utayari wao ni mkubwa wa kutosha. Lakini hawakujiuza. Huko Copenhagen waliambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Katika visiwa vile Mzungu hakuwa mtumwa. Walifika wakiwa huru, wakaishi kwa kazi ya mikono. Useremala wa Nitschmann uliwapa chakula. Dober alishindwa kufinyanga kwa sababu udongo wa kule haukumfaa. Waliwatafuta Anna na Abraham, wakawapata.

Tena kuna neno ambalo halisemwi mara nyingi. Baada ya miaka michache misheni hiyo ilinunua shamba katika kisiwa kilekile, pamoja na watumwa waliokuwa wakilifanyia kazi. Watu waliokimbia kwao ili wawe huru, walimiliki watu. Waliomba pamoja nao, wakawaita ndugu na dada, na asubuhi wakawapeleka shambani bila mshahara. Mapatano ya Herrnhut yalifika kwa Mlutheri na Mreformati; kwa mtumwa yalisimama mlangoni. Injili ilikwenda mbele hata hivyo, na sana kupitia Waafrika wenyewe. Rebecca, mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa na kuachwa huru, alitembea usiku katika mashamba ya St. Thomas akiwafundisha wanawake. Baadaye alivuka bahari mpaka Ujerumani, na mwisho akafika pwani ya Ghana ya leo, alikofariki mwaka wa 1780.

Tukiwaheshimu wazee wa imani, tuwaheshimu pamoja na ukweli wao wote. Ushuhuda hauhitaji kuongezewa chumvi, na dhambi haiponi kwa kufichwa.

Shamba la Mungu

Sasa tupande kilima cha Hutberg. Hapo ndipo makaburi ya Herrnhut yalipo tangu mwaka wa 1730, na wenyeji huyaita shamba la Mungu, kwa maana waliolala wamepandwa kama mbegu. Juu ya lango limeandikwa neno la ufufuo. Ndani, njia zimepangwa kati ya miti ya lindeni iliyokatwa vizuri, na katika Oktoba majani ya manjano yanayafunika mawe yote sawasawa.

Mawe hayo yamelazwa chini, nayo yanafanana. Watu hawakuzikwa kwa ukoo wala kwa utajiri. Wanaume wako upande mmoja, wanawake upande wa pili, kila mtu kwa zamu ya kufa kwake. Fundi viatu karibu na mwalimu, mjakazi karibu na binti wa mkubwa. Ni katikati tu ambapo makaburi ya Zinzendorf na jamaa yake yameinuliwa juu. Yeye alifariki Herrnhut tarehe 9 Mei 1760, baada ya maisha yaliyokuwa na miaka zaidi ya kumi ya kufukuzwa Sachsen.

Kila ndugu na kila dada alizoea kuandika habari za maisha yake, namna Bwana alivyomwongoza, nazo zilisomwa siku ya maziko. Maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa katika nyumba ya kumbukumbu ya Herrnhut, ya mtu mkubwa na ya mshona nguo. Ni ushuhuda wa kanisa zima.

Mwezi wa Agosti 1738 John Wesley alifika hapa kuona mji huo kwa macho yake, akamsikiliza Christian David akihubiri, seremala yuleyule wa mti wa kwanza. Wesley alirudi Uingereza akafanya kazi tunayoijua. Na mwaka wa 1891 Theodor Meyer na wenzake walianza kazi Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo. Mwaka wa 1898 Wamoravian wakachukua kazi ya Urambo, upande wa Tabora. Leo Wamoravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote, na hata katika Congo yetu wapo. Mti ulianguka Sachsen, matawi yake yamefika ng'ambo zote mbili za Ziwa Tanganyika.

Sisi je?

Wapendwa, sisi ni watu wa moto. Tunafunga, tunakesha, tunapiga kelele mbele za Bwana, na hatutubu kwa ajili ya hayo. Lakini katika mitaa yetu kanisa moja linazaa matatu kwa ugomvi wa kiti. Wamama wa kwaya moja hawasalimiani kisimani. Aliyekimbia vita akafika kwetu, anaulizwa kabila lake kabla ya kupewa kiti. Kisha tunatangaza siku 21 za maombi ya uamsho.

Bwana Yesu alisema habari ya mtu aliyefika na sadaka yake madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Hakumwambia aongeze sadaka. Alimtuma atoke kwanza, akapatane.

Basi wiki hii, kabla ya mkesha wa Ijumaa, kila mmoja amtafute mtu mmoja. Wachungaji waliogawana kanisa waketi meza moja. Wazee waandike mapatano, watie sahihi, wayasome mbele ya watu. Na tukiandika, tuangalie nani ameachwa mlangoni: mfanyakazi wa nyumbani ambaye hajalipwa, mjane, mkimbizi. Kuni zilizotawanyika uani haziivishi bugali, hata zikiwa kavu namna gani. Zikusanywe kwanza chini ya sufuria moja, na Bwana atawasha.

Tuombe: Bwana, tupatanishe kabla hujatuwasha. Amina.